Shangazi wa Upande Gani?

Kwenye kurasa za mwanzo za James and the Giant Peach, riwaya ya watoto ya Roald Dahl iliyotoka kwanza Marekani mwaka 1961, baba na mama wa mtoto wa miaka minne wanaliwa na kifaru katikati ya London. Kifaru mwenyewe katoroka kwenye bustani ya wanyama. Ni mchana kweupe, barabara imejaa watu, na kazi nzima inachukua sekunde 35. Baada ya hapo nyumba yao ya kando ya bahari inauzwa, na mtoto, akiwa na kisanduku chenye nguo za kulalia na mswaki, anapelekwa kuishi na dada wawili wa baba yake.

Au dada wawili wa mama yake. Kitabu hakisemi, na hapo ndipo nilipokwama.

Ninasoma shahada ya uzamili, na kwenye kozi ya tafsiri kila mwanafunzi anachagua kitabu cha watoto, anatafsiri sura chache, kisha anazitetea mbele ya wenzake. Nilichagua hiki kwa sababu kinachekesha na kwa sababu ni kifupi, na sababu ya pili ilikuwa na uzito kuliko ya kwanza. Nilijua nitahangaika na nyimbo, maana wahusika wa Dahl hawakai kurasa kumi bila kuimba. Neno aunt sikuliweka kwenye orodha ya matatizo. Kwa Kiingereza neno hilo linamtosha dada wa baba, dada wa mama, mke wa mjomba, mke wa baba mdogo, na hata jirani mwenye heshima zake. Kiswahili kinataka kujua. Dada wa baba ni shangazi. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, na hapo tena lazima ujue nani alizaliwa kwanza, yeye au marehemu. Huwezi kuvuka ukurasa wa kwanza kabla hujamchorea James ukoo ambao Dahl hakujali kuuchora.

Kiswahili kimekwisha kuupokea upuuzi mtamu wa Kiingereza siku nyingi. Alice wa Lewis Carroll alifika mwaka 1940 akiitwa Elisi, na mwaka 2015 akarudi upya kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Lakini Alice anatumbukia shimoni peke yake. Ndugu anayemwacha juu ni dada yake tu, na dada ni dada. James anatumbukia kwenye ukoo.

Mwenzangu mmoja darasani alinishauri niandike “anti” nimalize kazi. Ushauri wake haukuwa wa kipuuzi. Watoto wa mjini wanamwita anti kila mwanamke aliyemzidi mama yao kwa kujipodoa: anti wa saluni, anti wa shule ya awali, rafiki wa mama anayekuja na soda Jumapili. Neno linateleza vizuri na halimlazimishi mtu kueleza lolote. Lakini ndiyo kasoro yake. Anti hana dhamana. Anti akikunyima chakula unarudi kwenu. James hana kwao pa kurudi, na uchungu wa hadithi umejengwa juu ya jambo hilo.

Basi mama mdogo? Nilijaribu kwa siku mbili. Nikimwita mmoja mama mkubwa na mwingine mama mdogo, kila ukurasa unatamka neno “mama” mara kumi, na kila mara unamkumbusha msomaji yule aliyeliwa. Hilo peke yake lingekuwa kitu kizuri kwenye riwaya nyingine, nzito zaidi. Hapa linaua kicheko. Mama mdogo ni mama. Ukimfanya mkatili umeandika kitabu kuhusu uzazi uliogeuka. Ngano zetu zenyewe zinalikwepa jambo hilo. Zikitaka mwanamke mkatili ndani ya nyumba zinamleta mama wa kambo, mtu aliyeingia kwa ndoa, asiye na tone la damu ya mtoto. Sote tumekua na ngano hizo. Wa damu analindwa.

Nikaamua: shangazi, wote wawili. Na majina yao nimeyatafsiri pia, kwa sababu Sponge na Spiker kwa Kiingereza ni majina yanayoonekana kwa macho, la kwanza laini na la pili lenye ncha. Mnene mfupi ni Shangazi Dodoki. Mrefu mkavu mwenye miwani ya chuma puani ni Shangazi Msumari. Kwa hili la Dodoki najisikia vizuri kuliko jambo lolote nililoandika tangu nianze uzamili.

Kuna tatizo dogo la unene. Dahl anamtukana Dodoki kwa mwili wake, na kwa Mwingereza tusi linaeleweka papo hapo. Kwetu, ukirudi nyumbani baada ya muhula ukaambiwa “umenenepa”, nusu ya ukoo inakupongeza. Kwa hiyo Dodoki wa Kiswahili akiwa mnene tu, mtoto anaweza kudhani ndiye yule mwema kati ya wawili, na mbaya ni Msumari aliyekauka kama ng'onda. Nimelazimika kumpa Dodoki uvivu na ulafi wa wazi zaidi kuliko wa asili. Wachapishaji wa Dahl, Puffin, walipotoa matoleo yaliyorekebishwa mwaka 2023, waliondoa maneno mengi ya aina hii, kelele zikapigwa, wakaahidi kuendelea kuchapisha na yale ya zamani. Mojawapo ya marekebisho hayo lilikuwa kuwageuza “wanaume wa mawinguni” kuwa “watu wa mawinguni”. Mfasiri wa Kiswahili hapo alikuwa hana kazi. Walikuwa watu tangu mwanzo.

Sura ninayoipenda zaidi ni ile ambayo mashangazi wamekaa kwenye viti vya uvivu wakinywa maji ya limau, huku mtoto anapasua kuni juani. Dodoki ana kioo mkononi na anajisifu uzuri kwa mashairi. Msumari anajibu kwa mashairi, anajisifu yeye na kumchoma mwenzake. Mwalimu wa fasihi simulizi angeyaita majigambo. Mimi nimeyatafsiri kama mipasho. Ukishayasikia kwa sauti ya taarabu, wanawake wawili wa pembe ya Uingereza wanahamia Magomeni bila kuomba ruhusa: kila mmoja anatupa ubeti wake hewani, hataji jina, na mwenzake anajua amechomwa yeye. Hapo kicheko ni chao wenyewe kwa wenyewe, na Dahl anawaacha wajimalize. Kuni zinaendelea kupasuliwa.

Sasa swali ambalo wenzangu waliniuliza, na lilikuwa zito: mtoto wa Kitanzania anaruhusiwa kumcheka shangazi?

Tuna sheria za kucheka. Hazikuandikwa, ila kila mtu anazijua. Mtoto anataniana na babu na bibi. Babu anamwita mjukuu “mke wangu” au “mume mwenzangu” na hakuna anayeshtuka. Binamu wanataniana. Katika jamii nyingi mjomba naye anataniwa. Shangazi hayumo. Shangazi ni baba aliyevaa kanga. Anakalishwa mbele kwenye harusi, anasikilizwa kwenye mahari, anakemea pale ambapo mama anaogopa kukemea. Na makabila nayo yana watani wao, na kazi ya mtani inaonekana hasa msibani: wakati wafiwa wamekaa mkekani, mtani anaingia, anamwiga marehemu alivyokuwa anatembea, anadai deni ambalo halipo, anakataa jeneza lisitoke mpaka alipwe. Watu wanacheka wakiwa na machozi. Mfiwa mwenyewe hana ruhusa ya kufanya hivyo. Anahitaji mtu wa nje kidogo, mwenye haki ya kucheka kwa niaba yake.

Nikimsoma Dahl kwa macho hayo, msimulizi wake ni mtani. James mwenyewe hawacheki mashangazi hata mara moja. Analia, ananyamaza, anapasua kuni. Anayecheka ni sauti inayosimulia, na baadaye Tandu, ambaye si wa ukoo. Mashangazi wanapokufa, wamelaliwa na tunda kubwa kuliko nyumba, wametandazwa kwenye majani kama karatasi, sauti hiyo haisemi pole. Tandu anatunga wimbo. Mtoto hakusema neno baya, na kila kilichopaswa kusemwa kimesemwa.

Utani una masharti, hata hivyo, na sharti la kwanza ni kwamba anayetaniwa anaweza kujibu. Mashangazi wamejibu kabla: miaka mitatu hawakumwita James kwa jina lake hata siku moja, walimwita mdudu na uchafu. Deni lipo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu Dahl hakulizingatia kila alipoandika, na sisi wa huku tuna sababu ya kulijua. Aliishi Dar es Salaam. Kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta mwaka 1938, akiwa na miaka 22, na alikaa mpaka vita vilipoanza mwaka uliofuata, kisha akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Kumbukumbu za miaka hiyo zimo kwenye Going Solo, kitabu cha mwaka 1986.

Kitabu hicho kinaanzia melini, na meli imejaa Waingereza wa koloni ambao angeweza kuwaazima kwa riwaya za watoto bila kubadili kitu. Kuna meja na mkewe wanaokimbia uchi kwenye sitaha alfajiri. Kuna bibi asiyegusa chungwa kwa vidole, analila kwa uma na kisu. Kuna bwana mwenye mawigi manne ya urefu tofauti, ili watu waamini kwamba nywele zake zinaota na kukatwa. Kila mmoja ana jina, ana kabini, ana sababu zake. Kisha Dahl anashuka Dar es Salaam, na mtumishi wake, Mdisho, Mnyamwezi, anaitwa “boy”. Dahl anampenda, hilo linaonekana. Anamfundisha kusoma na anamsimulia kwa heshima ya aina yake. Lakini Mdisho hapewi kabini. Hapewi kichaa chake. Na Wanyamwezi, kwa jinsi misafara ya zamani ilivyowapitisha nchi nzima, ni watani wa karibu kila kabila la njiani. Ningetoa mengi kumsikia Mdisho akimtania bwana wake jioni, jikoni, kwa wenzake. Miaka 25 baada ya Dahl kuondoka Dar es Salaam, Charlie and the Chocolate Factory ya 1964 ilitoka na Oompa-Loompa waliokuwa watu wafupi weusi kutoka misitu ya Afrika, wamesafirishwa kwenda kufanya kazi kiwandani na kulipwa kakao. Toleo la 1973 liliwabadilisha wakawa watu wa nchi ya kubuni. Hao hawakuwa na deni lolote, na hawakuwa na nafasi ya kujibu. Walikuwa wengi na hawakuwa na majina.

Kwa hiyo napima hivi: mtu wa ajabu kwenye kitabu cha watoto ananichekesha kama ana jina na ana mdomo. Dodoki na Msumari wana vyote viwili, tena vya kuzidi.

Nilipomaliza rasimu ya sura za mwanzo niliisoma nyumbani. Kwetu tunaishi na binamu yangu wa miaka tisa, mtoto wa marehemu mjomba. Mama yangu ni shangazi yake. Mtoto ana jina la bibi yetu, kwa hiyo mama anamwita “mama”, na yeye, akijisikia, anamtuma mama yangu maji kwa sauti ya mzee, na mama anakwenda akicheka. Kumbe hata shangazi anataniwa, ukipita mlango wa jina. Jioni hiyo mama alikuwa kibarazani anachambua mchicha, sisi tuko mkekani.

Kwenye kifaru mtoto alinikatiza. “Dada, kifaru hali nyama!” Alikuwa amekasirika kabisa. Yuko sahihi, kifaru anakula majani, na yule mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka kwa ajili ya kuvuta matawi. Mtoto wa Uingereza anacheka kwa sababu kifaru ni kioja. Mtoto wa huku anacheka kwa sababu ni uongo, na mtu aliyewahi kukaa Tanganyika anautamka bila haya. Nadhani kicheko chetu ni kizuri zaidi. Kifo cha wazazi kimefunikwa na uongo mkubwa kiasi kwamba mtoto anabishana na kifaru badala ya kuogopa.

Kisha nikasoma kwamba nyumba iliuzwa, na mtoto akapelekwa kwa mashangazi.

“Nyumba kauza nani?”

Nikaangalia kitabu. Kitabu hakisemi.

“Na hela?”

Mama aliacha mchicha. “Endelea, mwanangu,” aliniambia, “tuwasikie hao mashangazi.” Nikaendelea. Kwenye mipasho ya Dodoki na Msumari mama alicheka mpaka akashika mbavu, akadai nirudie ubeti wa kioo. Mtoto alicheka kwa sababu mama anacheka. Lakini usiku, wakati wa kufunga madirisha, aliniuliza tena kama kule mbele wanasema nani aliuza.

Nimeusoma uhakiki mwingi wa kitabu hiki, na wengi hupita hapo mbio, kama Dahl mwenyewe anavyopita. Mambo mawili makubwa kuliko yote yanatajwa kwa vitenzi visivyo na mtenda. Nyumba iliuzwa. Mtoto alipelekwa. Kiswahili kina kauli hiyohiyo ya kutendwa na nimeitumia, ila kwa msomaji wetu haifichi kitu, inanuka. Masikio yetu yamezoea. Kuna msiba, kuna arobaini, kuna kikao cha ukoo, na ndani ya kikao kuna watu waliokuja na mkoba mtupu. Mtoto anakaa upande wa pili wa mlango anasikiliza wakubwa wanavyohesabu: kitanda, friji, shamba, yeye. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayokataza mtoto kunyimwa kufaidi mali ya mzazi wake aliyefariki, na wanaokaa kwenye vikao hivyo wengi hawajaiona. Kwenye kikao cha mjomba wangu kuna aliyetaka nyumba iuzwe wiki ileile. Mama, ambaye kwenye vikao huwa haongei, alisema neno moja: nyumba isiguswe. Haikuguswa. Kodi yake ndiyo ada. Binamu yangu alikuja kwetu na begi la shule na mto wake wa kulalia, na nyumba yao anaijua iko wapi.

James anatoka na nguo za kulalia na mswaki. Tangu jioni ile nakisoma kitabu chote kama kesi ya mirathi iliyoandikwa na mchekeshaji. Mashangazi wanaishi juu ya kilima, kwenye jumba lililochakaa, na mtoto haruhusiwi kushuka. Hakuna jirani, hakuna mjumbe wa nyumba kumi, hakuna shehe wala padri anayepita kuuliza hali. Dahl amewaondoa wote, na amefanya makusudi, kwa sababu ukimrudisha hata jirani mmoja hadithi inaisha. Jirani wa kwetu angepiga hodi siku ya pili. Fyulisi linapokua kubwa kama nyumba, mashangazi wanafanya nini? Wanajenga uzio na kuuza tiketi. Mti umo uani, uchawi alipewa James na mzee wa ajabu, mazao yanaingia mfuko wa Dodoki na Msumari. Tunda linapojing'oa na kubingirika, linawapitia hao wawili wakikwamishana, kila mmoja akijitahidi kujiokoa peke yake. Mtoto yumo ndani ya mali yake, anaondoka nayo.

Fyulisi, kwa wasiolijua, ndilo tunda lile la manyoya laini linalouzwa kwa ndoo kandokando ya barabara ya Lushoto. Kamusi zina neno pichi pia. Pichi halina ladha.

Ndani ya kokwa James anakuta wadudu wakubwa kama yeye: Panzi mzee, Buibui, Tandu, Nyungunyungu, Kimulimuli, kiwavi wa hariri, na yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi. Hapa mfasiri anafaidi. Kwa Kiingereza wadudu hawa ni marafiki wa James, na uhusiano wao unaishia kwenye neno hilo. Kwa Kiswahili hawawezi kuishi nyumba moja bila kuitana kitu. Panzi ana umri na busara, anapiga fidla kwa miguu yake. Ni babu, na anamwita James mjukuu wangu. Tandu ni mkorofi, mwongo wa viatu 100 wakati ana miguu 42. Yeye na Nyungunyungu wanagombana kila ukurasa bila kuachana, kwa hiyo ni watani, na nimewapa lugha ya watani. Buibui anamtandikia kila mtu kitanda. Yeye alimpoteza baba juzi tu: Shangazi Dodoki alimsukumia kwenye tundu la maji la bafu.

Nilipofika hapo nilisimama. Wote hawa ni yatima au wahanga wa nyumba ileile ya kilimani. Undugu wa nazi hukutania chunguni, na hiki ndicho chungu chao. Hakuna kikao kilichowagawia mtoto. Wanamwita James kwa jina lake tangu siku ya kwanza, jambo ambalo mashangazi wa damu hawakulifanya kwa miaka mitatu, na anapotoa wazo la kuwafunga shakwe zaidi ya 500 kwa nyuzi ili walinyanyue tunda kutoka kwenye papa, wanamsikiliza, na Nyungunyungu, huku akilia kwamba atadonolewa, anakubali kuwa chambo. Undugu ni kufaana, si kufanana. Methali hiyo tumeisoma darasani mpaka imechakaa, lakini sijawahi kuiona ikiwa na sura ya nyungunyungu anayening'inizwa ili shakwe wamwone.

Darasani waliniambia ninapaka kitabu rangi ambayo hakina. Aunt ni aunt tu, Panzi ni panzi tu, na Dahl alitaka watoto wacheke kabla ya kulala. Sikubaliani nao. Kicheko cha kabla ya kulala kina sababu ya kuwepo wakati ule, taa inapozimwa na mtoto anabaki na anachokijua. Dahl alifiwa na baba akiwa na miaka mitatu. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba sentensi kuhusu kifo cha mzazi lazima iende haraka. Sekunde 35 ndizo mtoto anazoweza kuvumilia.

Kitu kimoja bado hakijanikaa. Mwishoni tunda linachomwa na ncha ya Empire State Building, watoto wa New York wanalila lote, na kokwa linawekwa Central Park. Wadudu wanatawanyika kwenye ajira, kama ukoo wowote uliofika mjini: Tandu anaingia kampuni ya viatu, Kimulimuli anawasha mwenge wa Sanamu ya Uhuru, Panzi anapiga muziki kwenye okestra. James anaishi ndani ya kokwa. Kiingereza kinaliita nyumba, na inatosha. Mimi nina maneno mawili. Nikiandika “nyumbani”, nimesema mahali anapopumzika moyo. Nikiandika “nyumba yake”, nimesema mali, ile iliyouzwa ukurasa wa kwanza na mtu asiyetajwa, imerudi mikononi mwa mwenyewe, ina mlango, na watoto wanapiga hodi siku nzima. Tarehe ya kukabidhi ni wiki ijayo. Rasimu iliyoko mezani inasema nyumba yake, na binamu yangu ameweka alama ya vema pembeni kwa penseli.